Chelangat Aliyemzimia Daktari Skrini

Kina mama wa kanisa, mmenichokesha. Kila Jumapili, "Mama Muturi, andika juu ya Chelangat, wewe ndiye unamjua." Nyinyi mlisoma mpaka chuo kule Njoro, halafu kalamu mnanipa mimi niliyeachia darasa la pili! Haya. Nikikosea, mnyamaze.

Chelangat ndiye alikuwa na kliniki hapa Sachangwan, kwenye chumba cha kanisa. Ni klinikal ofisa, si daktari kamili, lakini sisi tunamwita daktari na neno haturudishi. Mwanamke mfupi, gambuti miguuni, sauti ya kuita ng'ombe.

Kampuni fulani ikamletea skrini. Unakaa mbele yake, daktari aliye mbali anakuona, anakuandikia dawa. Nani alifurahi kunishinda? Nilikuwa na kidonda cha sukari mguuni, kinanuka, na hospitali ya Nakuru nilikuwa nimekataa kwenda. Mzee wangu Kabiru alienda huko na miguu miwili akarudi na mmoja. "Huyu wa skrini hana msumeno," nikasema. "Nitatibiwa na huyu."

Siku yangu ikafika. Nikavaa kitambaa kipya cha kichwa, nikaweka mguu juu ya kiti. Akatokea mwanamume, yuko nchi ingine, anatabasamu, anataja dawa hata sijamaliza kumsalimia. Chelangat akamkatiza.

"Daktari, jina lako kamili, na namba ya leseni yako ya kutibu Kenya."

Akacheka. "Sista, hiyo kampuni inashughulikia. Tuendelee na mgonjwa."

"Ikishamaliza kushughulikia, utanikuta." Akazima.

Nilimtukana, tena kwa sauti. "Umenizimia daktari! Wivu tu!"

"Mama Muturi, kijana akija kuposa binti yako unamuuliza ni wa nani, ametoka wapi. Huyu anataka mguu wako na humuulizi kitu? Ukiharibika utamshtaki nani? Skrini?"

Nikaenda nyumbani nimenuna, nikafunga geti. Wazee wa kanisa nao wakamwambia awashe mashine ama atoe vyombo vyake. Akasema chumba ni chao, leseni ya kliniki ni yake, hawashi. Akatoa vyombo, akakodi chumba nyuma ya duka la Wanyoike.

Asubuhi geti ikagongwa. "Mama Muturi, nimekuja kuosha kidonda."

"Sifungui."

"Usifungue. Toa mguu."

Basi nikaleta stuli, nikapitisha mguu chini ya geti, macho yangu yakiangalia kuku. Akapiga magoti kwenye matope, akaosha, akafunga bandeji. Akawa anakuja hivyo kila asubuhi, mvua ikinyesha, isiponyesha. Majirani wakipita wanacheka: "Mama Muturi, geti yako imeota mguu!"

Akitoka kwangu anateremka Nakuru kutafuta daktari mwenye kibali cha kutibu kwa skrini, na kukifuata kibali cha chumba kipya. Kidonda hakikukauka. Lakini hakikupanda juu.

Mwishowe akampata Daktari Fardosa, nami nikafungua geti nikaenda kukaa mbele ya skrini nyuma ya duka la Wanyoike. Huyo, salamu haijaisha, aliinua leseni yake mbele ya skrini akangoja Chelangat aihakikishe kwa simu. Nami nikauliza langu: "Wewe ni wa nani?"

"Wa Mzee Miraji, hapa Nakuru, shosho. Lakini sitakudanganya, hicho kidonda siwezi kukitibu nikiwa huku. Njoo nikione na macho yangu. Sitagusa kitu kabla hujakubali."

Nikauangalia mguu. Kisha nikamwambia Chelangat aite gari.

Kidole kimoja kilitolewa. Mguu ninao, na ng'ombe nakama mwenyewe. Yule wa kwanza, labda dawa zake zingeniponya. Chelangat mwenyewe anasema hajui. Mimi najua ni nani alipiga magoti kwenye matope.

Na chumba cha kanisa mpaka leo kina kufuli, kimejaa viti vilivyovunjika. Kwa hivyo mmesoma, sasa mnilipe: Jumapili, ibada ikiisha, msikimbilie chai. Simameni mbele ya wazee mdai huo ufunguo apewe Chelangat, arudishe kliniki. Nitawahesabu.