Siku Wakwe wa Kimuka Walipokuja Kumwona Mtoto Wao

Hata leo nikiwaona akina mama wa kanisa letu pale sokoni Kitengela, huwa nainama na kujifanya nachagua vitunguu, na ninaweza kuvichagua mpaka mwenye kibanda aniulize kama nimefungua hoteli. Aibu niliyoipata mbele yao haijaisha na sidhani itaisha, kwa hivyo wacha niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wengine, maana wao huongeza chumvi na hii yangu haihitaji chumvi.

Mambo yalianza na mbwa. Mimi naishi peke yangu, nyumba ya vyumba viwili karibu na barabara ya Namanga, ni keshia katika duka la vifaa vya ujenzi, na wezi walikuwa wameniibia nguo kwenye kamba mara mbili (mara ya pili walianua hata zilizokuwa bado zinatiririka maji, nikajiuliza watu hawa wana haraka ya kwenda wapi). Kwanza niliweka mabuti ya mvua ya kiume mlangoni, namba kumi, ili mwizi akiyaona adhani kuna mwanamume ndani. Wakaja, wakaiba sabuni, wakayaacha mabuti. Ndipo nikaamua kutafuta mbwa, na kwa kuwa mimi sipendi vitu nusu nusu, nikasema sitaki mbwa koko, nataka mbwa wa mbegu safi, German Shepherd, yule ambaye watu humwita mbwa wa polisi.

Nikaelekezwa Kimuka, kule upande wa Ngong, kwa Mzee Mutiso na mkewe Mama Mutheu, ambao wamefuga mbwa hao tangu wastaafu. Nilidhani nitachagua mtoto wa mbwa niende zangu. Wapi! Nilikalishwa saa mbili nzima nikihojiwa na yule mama, nalala saa ngapi, nasali wapi, nikikasirika huwa nafanya nini, huku mzee akitingisha kichwa tu kwa upole. Halafu nikaletewa mkataba wa kurasa nne. Jina lake ni Isabella na halibadilishwi. Asile ugali. Asipewe mifupa ya kuku. Asizae bila ruhusa ya Kimuka. Picha yake itumwe kila Jumapili. Na kifungu cha mwisho kilisema kwamba wakikuta sharti lolote limevunjwa watamchukua wamrudishe kwao, bila maneno mengi. Nilitia sahihi yote (Isabella alikuwa amelalia kiatu changu, na mtu aliyelaliwa kiatu hawezi kusoma mkataba vizuri).

Tulipokuwa tukiagana Mama Mutheu alitoa machozi ya kweli, akanishika mikono yote miwili. "Sasa tumekupatia mtoto wetu," akasema. "Kutoka leo sisi na wewe ni wakwe."

Nilicheka njia nzima mpaka Kitengela, na katika kule kucheka nikaihifadhi namba yake kwenye simu kwa jina la Wakwe Kimuka. Kosa langu lilikuwa hilo tu, utani wangu mimi na simu yangu.

Miezi mitatu ikapita nikisumbuliwa kwa jumbe. Mbona kwenye picha sikio la kushoto limelala? Amepata choo? Ile blanketi ni ya pamba? Nilivumilia, kwa sababu nilikuwa nimempenda yule mbwa vibaya sana. Miaka sita nilikuwa nikifungua mlango jioni na hakuna aliyejua kama nimerudi au nimegongwa na lori, na sasa kulikuwa na mtu anayeruka langoni kabla sijatoa ufunguo. Kumpoteza ningeumia, na niliogopa kifungu kile cha mwisho kila nilipokumbuka.

Kisha mama yangu akaja kutoka Kakamega kutibiwa magoti. Nilimwambia mbwa nimepewa bure na mtu wa kazini, maana angejua mtu mzima amenunua mbwa, tena mbwa mwenye mkataba, angeitisha maombi. Yeye na Isabella walielewana siku hiyo hiyo. Mama alikataa jina, akamwita Polisi, na kila jioni alimpa ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, kwa mkono wake. Niliona nikanyamaza, kwa sababu manyoya yake yalikuwa yameanza kung'aa, na Jumapili nilimpiga picha akiwa amekaa kando ya pakiti ya chakula cha mbwa (pakiti yenyewe ilikuwa tupu, niliijaza magazeti).

Jumatatu moja mama aliomba simu yangu ampigie shangazi. Akiwa nayo mkononi ujumbe ukaingia kutoka kwa Wakwe Kimuka: "Habari mkwe wetu. Jumamosi saa sita tutakuja kuona mtoto wetu. Tunataka kujua kama unampenda na kama anakaa vizuri kwako. Tukiona hana raha tutarudi naye."

Mama aliusoma, akatazama mabuti mlangoni, akaelewa kila kitu. Binti yake alikuwa anakaa na kijana wa watu kisirisiri. Na kwa nini hajamwona yule kijana wiki tatu zote? Kwa sababu kijana ana adabu! Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawalali nyumba moja, kwa hivyo yule kijana, aliposikia mama anakuja, aliondoka kwa heshima akaacha mabuti. Mama alimpenda hapo hapo, bila kumwona.

Jioni nilimwendea. "Mama, Jumamosi kuna wageni wanakuja, nilikuwa nataka kukueleza..."

"Najua. Nimesoma kwa simu."

"Umesoma? Na hujakasirika?"

"Nikasirike ya nini? Kosa yako ni kunificha."

"Niliogopa utasema ni upuzi."

"Upuzi? Ayuma, mtu hawezi kaa peke yake. Kama mmependana, si mimi nitawatenganisha. Hiyo siku wachia mimi."

Nilimkumbatia mama yangu. Nililala nikiwa na furaha, nikiwaza kwamba wazee wetu wameendelea sana siku hizi.

Jumamosi niliomba ruhusa kazini mapema, nikamwosha Isabella, nikamfungia jikoni, nikaenda kituoni kuwangoja wageni, nao wakachelewa kwa saa mbili. Niliporudi nao, Mama Mutheu mbele akiwa amevaa kitenge na mzee nyuma amebeba mzani na faili, nilidhani nimekosea ploti. Mbele ya nyumba yangu kulikuwa na hema. Viti vya plastiki vilikuwa vimevikwa vitambaa vyeupe. Baba mdogo Shivachi, ndugu ya marehemu baba yangu, alikuwa amefika kutoka Athi River na koti la harusi. Akina mama saba wa kanisa, ambao mama alikuwa amefahamiana nao wiki hizo tatu tu, walisimama wakapiga vigelegele, na ile sauti ilinipasua kichwa.

Mama Mutheu alisimama akashika kifua. "Mzee, ona! Hakuna mtu amewahi tupokea hivi."

Nikamvuta baba mdogo kando. "Baba, ngoja kidogo, kuna kitu..."

"Nyamaza. Msichana haongei siku kama hii."

Nikakalishwa kwenye mkeka katikati ya akina mama wawili wenye nguvu. Mama alisema kwetu mgeni haongei na njaa, kwa hivyo chakula kikaja kwanza, kuku wawili wa kienyeji, na wakwe wa Kimuka walikula mpaka wakafungua vifungo. Firigisi tu ndiyo haikuletwa. Sisi tunaiita imondo, na ni ya mtu wa heshima. Mama alikuwa ameiweka jikoni kwenye sahani yake, imefunikwa, imngoje kijana mwenyewe.

Baba mdogo akakohoa, akasimama. "Wakwe, karibuni. Sisi hatuna maneno mingi. Hawa watoto wetu wamependana."

"Hata mimi niliona," akasema Mama Mutheu, akipangusa jicho. "Siku ya kwanza tu, alilalia kiatu yake."

Akina mama wakatazamana.

"Sisi tumekuja tu kuangalia vile anakaa. Analala wapi?"

"Mkwe, hiyo hatuwezi uliza," mama akasema kwa aibu.

"Lazima tuulize. Ni kwa kitanda ama chini?"

"Chini ni sawa," Mzee Mutiso akasaidia, "bora awe na blanketi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilitazama hema, nikatazama koti la baba mdogo, nikatazama mabuti yangu namba kumi, ambayo mama alikuwa ameyaosha na kuyapaka mafuta na kuyapanga kando ya kiti kitupu. Nilijaribu kuinuka. Yule mama wa kulia akanirudisha chini kwa kiganja kimoja.

"Na upande wa watoto?" baba mdogo akaendelea. "Huyu shemeji yangu amengoja mjukuu mpaka magoti imeisha."

Mama Mutheu akabadilika uso. "Hapo hapana! Kuzaa ni mpaka sisi tuseme. Hata Ayuma alitia sahihi."

Mama yangu aligeuka akanitazama, na sitaki kuwaeleza ule uso.

"Wakati ikifika," Mama Mutheu akasema, "sisi wenyewe tutamletea dume. Tuko na mmoja huko Nkoroi, damu safi kabisa, ameshinda kikombe mara mbili."

Baba mdogo aliketi polepole. "Dume ya nini tena? Si mtoto wenu ndiye dume?"

"Nani amewaambia? Yeye ni jike. Tuko na karatasi zake." Na Mzee Mutiso, mtu wa kusaidia, akafungua faili, akainua karatasi yenye picha, kisha akapiga mluzi mmoja mrefu. Mlango wa jikoni ukasukumwa. Isabella akatoka mbio, safi, anang'aa, ana ugali mpaka puani, na mdomoni ameshika imondo. Aliimeza mbele ya kanisa zima.

Sijui nani alianza kucheka. Ninachojua ni kwamba Mama Mutheu hakucheka. Alinusa mdomo wa mbwa, akasema "Ugali! Na omena!", akatoa mshipi kwenye mkoba wake akaufunga shingoni mwa Isabella. "Kifungu ya mwisho. Twende nyumbani, mtoto wangu."

Hapo ndipo niliposema ile sentensi inayonifanya niinamie vitunguu mpaka leo. Nilisimama kwenye mkeka, machozi na kamasi pamoja, nikasema kwa sauti, "Mama Mutheu, tafadhali usimchukue, mimi sina mtu mwingine kwa hii nyumba!"

Hema lote lilinisikia. Mama yangu, ambaye dakika mbili zilizopita alikuwa amempoteza mkwe, ndiye aliyeinuka, na magoti yake yale yale.

"Mkwe, keti," akamwambia Mama Mutheu. "Ni nani aliandika kwa simu kwamba mimi na wewe ni wakwe?"

"Ni mimi, lakini..."

"Na kuku yangu umekula?"

Mama Mutheu akatazama sahani yake. Mifupa ilikuwepo. "Nimekula."

"Basi kwetu ukishakula kuku ya mkwe huwezi rudi na mtoto. Hiyo ni kutukana boma. Si mmekuja na mzani? Mpimeni. Kama amekondea kwangu, mchukueni."

Wakampima. Mzee Mutiso alisoma mzani, akavua miwani, akaipangusa, akasoma tena. "Mama Mutheu," akasema, na hayo ndiyo maneno ya maana aliyoyasema siku hiyo, "huyu ameshinda ndugu zake wote. Fungua hiyo mshipi."

"Na ugali je?"

"Hata wewe unakula ugali."

Mshipi ukafunguliwa. Mkataba ukaongezwa mstari kwa kalamu, ugali mara mbili kwa wiki na mifupa marufuku, na baba mdogo akatia sahihi kama shahidi, kwa kuwa alikuwa ameshavaa koti. Akina mama wakapiga vigelegele vya pili (walikuwa wamejitayarisha, wavipeleke wapi?), na mmoja alipouliza kuhusu imondo, baba mdogo akasema imefika kwa mwenyewe.

Wageni walipoondoka, mimi na mama tuliosha vyombo. Nikamwomba msamaha. Alisugua sufuria moja muda mrefu, halafu mabega yakaanza kutetemeka, nikadhani analia, kumbe ni kicheko, alicheka mpaka akashika sinki.

"Nimemwombea huyo kijana wiki mzima," akasema. "Kwa jina la kijana mwenye mabuti."

Kisha akaniambia kwamba hakujua nilikuwa mpweke hivyo, na kwamba ningemwambia tu. Nilimwambia sikujua pia mpaka niliposikia nikisema. Alikaa kwangu mwezi mmoja zaidi ya alivyopanga, na hakuna aliyetaja magoti.

Siku hizi wakwe wa Kimuka huja wanapotaka, bila kuniambia, wakiwa na mzani wao, na wakiondoka huniachia asali na maagizo, nami nimezoea. Lakini nimeapa: nikipata mgeni tena wa kumleta nyumbani, kabla sijasema jina lake wala kwao, nitamwambia mama kwanza ana miguu mingapi. Mama naye amejibu nisimsumbue na hesabu, kuku atachinja tu.