Wiki Niliyokatazwa Kusema

Nilifika Mbeya nikiwa mwalimu mpya, na katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kulala chumbani peke yangu. Nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Iringa, tulilala wasichana wanne kwenye kitanda kimoja cha kamba, na waliopata usingizi ni wale wa katikati, maana wa pembeni walikesha wakivuta shuka. Shuleni Tosamaganga tulilala bweni zima, kengele moja ikatuamsha, tukanawa kwa foleni, tukasali pamoja, tukala pamoja. Hata ukitaka kulia, ulilia mwenzako amekushika bega.

Sasa hapa mwalimu mkuu ananikabidhi ufunguo. "Chumba chako hicho, Mwalimu. Karibu sana."

Niliingia, nikafunga mlango, nikakaa juu ya sanduku langu la bati, nikaanza kucheka. Chumba kizima changu! Dirisha langu, ukuta wangu, hata mvua yangu, maana bati lilivuja pembeni na mvua ya Januari kule Mbeya hainyeshi kwa kubembeleza.

Sijamaliza kucheka, mlango ukagongwa. Alisimama mama mmoja mrefu, sweta la kiume juu ya kanga, mkononi bakuli la viazi na maharage. Alikuwa jirani yangu, mke wa nyapara wa barabara, mama wa watoto saba, Mnyakyusa wa Tukuyu.

"Mwalimu, mbona umejifungia mchana? Unaumwa?"

"Hapana, Mama. Napumzika tu."

"Mtu anapumzika mwenyewe namna hii? Njoo upumzike kwetu, kuna moto."

Nikaenda. Na nikishaenda, ni kama sikurudi tena. Mama yule alinipeleka kwenye kwaya ya kanisa, alikoimba mwenyewe, nikapewa kuongoza sauti ya pili. Wanawake wa kwaya wakataka niwafundishe kufuma sweta. Karani mmoja aliyekuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono alialika vijana kwake kila Jumamosi, tukacheza santuri zile zile tatu mpaka zikaanza kukwaruza. Arusi ikitokea, nipo. Mtoto akibatizwa, nipo. Nisidanganye, nilifurahi mno. Sikujua kwamba mtu anaweza kupendwa na mtaa mzima kwa haraka hivyo.

Lakini kufika Juni nilikuwa nafuma mpaka usingizini. Nilikuwa nazungumza na mtu huku nikisikia sauti yangu kwa mbali, kana kwamba mwingine ndiye anayesema. Ndipo habari kubwa ikaja: kwaya yetu imealikwa kwenye sikukuu Iringa. Iringa kwetu! Jioni ile ya mazoezi tulishindwa kutulia. Mwalimu wa kwaya akagonga meza, akaninyooshea kidole nianze. Nikafungua mdomo, isitoke hata punje ya sauti. Nikajaribu tena. Kimya. Wenzangu walidhani natania, wakacheka, kisha wakaacha kucheka.

Dresa wa zahanati alinichungulia kooni kwa kijiko. "Wiki nzima usiseme neno," alisema. "Hata kunong'ona, marufuku. Kaa mbali na moshi, na kaa mbali na watu, maana wewe ukiona watu tu unaanza kusema."

Mwalimu mkuu akachukua darasa langu. Siku ya kwanza nilikaa chumbani nikiteseka. Kila aliyepita dirishani alinisalimu, nami nilipunga mkono kama mtoto anayeaga basi. Siku ya pili nikavaa viatu, nikapanda mlima Loleza.

Sikuwa na nia yoyote. Nilitaka tu mahali ambapo hapana mtu wa kujibiwa. Nilipita mashamba ya viazi, nikapita miti ya mwisho, nikatokea kwenye majani mafupi yenye umande, na upepo ukanipiga usoni mpaka machozi yakanitoka. Nikapata mwamba, nikakaa. Chini yangu mji mzima ulikuwa mabati yanayometa na moshi wa majiko. Lori moja lilikuwa linapanda barabara ya Chunya, dogo kama mende. Mawingu yalipita karibu nami, kwa kweli karibu, nikanyoosha mkono nikalowa vidole. Nani angeniambia? Moyo ulinienda mbio kama ninapocheza santuri, na hapakuwa na santuri wala mtu. Nilikumbuka mambo niliyoyasahau tangu utotoni: harufu ya ghala la mahindi, mwendo wa babu yangu. Niliwaza jambo moja, nikaliwaza mpaka mwisho, bila mtu kulikata. Nilishuka jua likizama nikiwa na njaa ya ajabu.

Kesho yake nikapanda tena, na kesho kutwa tena. Nikaanza kuwaza kwamba hivi ndivyo nitakavyoishi, mimi na mwamba wangu, watu basi.

Siku ya tano upepo uligeuka, ukaniletea kwaya kutoka bondeni. Walikuwa kwenye mazoezi. Sauti ya kwanza ilikuja safi, besi wakaja nyuma yake, na pale katikati, mahali pangu, palikuwa na shimo. Nilisimama. Sijui niliteremkaje mlima ule. Najua tu kwamba nilikuwa nakimbia, kanga mkononi, miiba ikinikwaruza miguu. Nilipotokea mlangoni nikihema, mama jirani alinivuta ndani bila kuacha kuimba. Sikuruhusiwa kuimba, basi nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Sauti iliporudi, nilitangaza kwamba nipo kwa kila kitu, isipokuwa Jumamosi alasiri. Jumamosi alasiri napanda mlimani.

Mtaa ukachemka. Wengine walisema nina mchumba huko juu. Wengine walisema nachimba mizizi ya dawa. Kwaya ilituma wanawake watatu waniletee uji, maana walisikia nimeshikwa na huzuni. Niliunywa uji wote, na Jumamosi nikapanda.

Nilikuwa nimekaa hivi nikasikia mtu anahema nyuma yangu. Mama jirani, sweta lake amelifunga kiunoni, uso umelowa jasho.

"Mwalimu, nimekuja kumwona huyo mwanamume."

"Mwanamume gani, Mama?"

"Anayekupandisha huku."

"Hayupo."

Alichungulia mpaka nyuma ya mwamba. "Sasa unafanya nini?"

"Nakaa."

"Unakaa tu?"

"Nakaa tu."

Alishika kiuno akanitazama. "Mimi tangu niolewe sijakaa," alisema taratibu. "Nionyeshe."

Nilimwonyesha mwamba mwingine, umbali ambao mmoja akipiga kelele mwenzake anasikia. Nikarudi kwenye wangu. Nilipogeuka baadaye alikuwa ameivua kanga kichwani, amenyoosha miguu, anatazama kusini ambako mlima Rungwe ulikuwa umejitokeza mawinguni. Hakusema kitu mpaka tulipoanza kushuka.

"Kwetu kule," alisema. "Miaka yote hii, sikujua kwetu panaonekana." Kisha akaanza kuongea, na hakunyamaza mpaka mlangoni kwake.

Jumamosi iliyofuata ni yeye aliyekuja kunigongea. Mumewe alimwuliza anakwenda wapi, akamjibu, "Nakwenda kukaa," akamwachia watoto saba na sufuria. Nyapara yule, aliyeamrisha wanaume mia barabarani, tulimkuta jioni amechoka kuliko siku zote. "Mtaenda tena?" aliuliza kwa unyonge. Tulicheka mpaka tukaegemea ukuta.

Agosti tukaenda Iringa kwa lori, tumebanana juu ya mabenchi, vumbi limetufanya sote rangi moja, tukiimba tangu Mbeya mpaka Makambako tulikolala, na kesho yake tukiimba tena. Asubuhi ya sikukuu nyumba tuliyofikia ilikuwa vurugu tupu: huyu anasukwa, yule anagombea pasi ya makaa, mwingine kapoteza kiatu. Nikatoka taratibu kwenda mtoni, Ruaha ndogo. Nikiwa chini ya dirisha nikamsikia mwalimu wa kwaya akiuliza kwa ukali, "Wa sauti ya pili yuko wapi?"

"Mwacheni," mama jirani alijibu. "Amekwenda kukaa. Atakuja, na mtamsikia."

Nilikaa kando ya maji mpaka kengele ya kanisa, nikarudi mbio. Na walinisikia! Tuliimba kama watu waliofungwa wakafunguliwa. Tulipotoka nje mama yangu mzazi alipasua umati kwa vigelegele, shangazi zangu nyuma yake wakinisalimu kwa Kihehe, "Kamwene! Kamwene!", kila mmoja akinivuta upande wake, nami nikimvuta mama jirani. Ngoma ikaingia uwanjani. Wahehe na wageni wa Mbeya tukacheza pamoja, vumbi likapanda, na padri mzee akaacha chakula chake akatoka kututazama, kitambaa cha mezani bado kimening'inia shingoni.