Mkunga na Mwizi wa Chumvi

Jumatatu, wasomaji wangu, mwanamke mmoja aliyeshuka gari la moshi hapa Dodoma aliniambia kwamba yule mkunga mzee wa Buigiri amefariki, na wamemzika kando ya shamba lake la mtama. Wanawake wa upande huu walimjua vema, maana wengi wa watoto wao aliwapokea yeye kwa mikono yake. Mimi namshukuru kwa jambo jingine.

Reli ilikuwa bado haijatufikia. Nilikuwa nikifundisha watoto kusoma, na kwa kuwa tuliojua kuandika tulikuwa wachache, niliwaandikia watu barua zao. Siku moja akanijia mfanyabiashara wa mjini, mtu mkarimu, amejaa hasira. Chumvi yake ilikuwa ikipungua ghalani siku hata siku, na kufuli ni zima. Ufunguo wa pili alikuwa nao mlinzi wake, Mgogo mpole ambaye Kiswahili kilimpa taabu. Alipoulizwa alibabaika, na kubabaika kwake kukachukuliwa kuwa ni kukiri. Nikaandika mashtaka kwa mwandiko wangu mzuri, yapelekwe bomani kesho yake. Sote tulijua kilichomngoja huko: viboko na mnyororo.

Asubuhi ya kesho yake mke wa mfanyabiashara akashikwa na uchungu, akaitwa yule mkunga, ambaye siku zile alikaa jirani. Alipoomba maji aliambiwa yamekwisha, ng'ombe wameyamaliza tena. Wanawake wa nyumba ile walikuwa wamechoka kwenda kisimani. Mtoto alipozaliwa salama, mkunga, aliyekwisha kusikia humo nyumbani habari ya mashtaka, alikuja moja kwa moja kwangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kukaa.

"Mwalimu, ile barua umeipeleka?"

"Bado, mama."

"Basi twende. Mimi nimekulia zizini. Ng'ombe hanywi hivyo ila amelamba chumvi."

Tukaingia zizini, mimi na kanzu yangu nyeupe, yeye mbele akiwasukuma ng'ombe kwa kiwiko. Zizi lilipakana na ukuta wa nyuma wa ghala, ukuta wa udongo. Tukachuchumaa tukangoja. Haukupita muda ng'ombe mwekundu akasogea, akainama, akapenyeza ulimi katika tundu lililotosha ngumi. Ndani, gunia lililoegemezwa hapo lilikuwa limetoboka. Na ng'ombe wote walikuwa wa mwenye chumvi mwenyewe.

Tukamwita. Alitazama lile tundu, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," akaenda kumshika mlinzi mikono na kumwomba radhi. Mlinzi alilia. Halafu akasema kwa Kigogo, mkunga akitufasiria, kwamba habari ya ng'ombe hao ndiyo aliyokuwa akijaribu kutueleza tangu mwanzo.

Mkunga akaniomba barua yangu, akawashia moto wa uji wa mzazi.

Siku hizi kila jambo lina karatasi yake: kodi, safari, kazi ya reli. Sizitukani, maana ndizo zinazonilisha. Lakini nimeona jinsi neno lililoandikwa linavyoaminiwa upesi kuliko mtu aliyesimama mbele yetu akihangaika kutafuta maneno. Mama yule hakujua hata herufi moja, wala hakuwahi kunikemea kwa barua ile. Aliniokoa tu, akarudi kwa yule mzazi.

Tangu hapo, anayetaka nimwandikie mashtaka sharti kwanza anipeleke mahali penyewe, nami nizungumze na mshtakiwa kwa lugha yake, hata kama ni kwa mkalimani. Kwa sababu hiyo wengine huniita mwalimu mzito. Nalipokea jina hilo kwa shukrani.