Tangazo la Getini

Ukitaka kumkasirisha Mama Gundi, mwambie kazi yake ni ndogo. Atakukata jicho, kisha akuulize: "Nyumba yako ilijengwa bila tangazo?" Na kweli, katika jiji lile hakuna ghorofa lililoinuka wala soko lililohamishwa kabla yeye hajapita na ndoo yake ya gundi, brashi yake, na fungu la karatasi zenye mhuri wa idara ya mipango miji. Miaka ishirini na tatu alikuwa mbandika matangazo. Gundi aliipika mwenyewe kwa unga wa ngano, maana ile ya dukani, alisema, haivumilii hata umande.

Sheria ilikuwa fupi. Tangazo likishabandikwa, mwananchi ana siku thelathini za kupinga au kujiandikisha. Siku ya thelathini na moja, imekula kwake.

Kazi yenyewe alifundishwa asubuhi moja tu, na msimamizi ambaye sasa ni marehemu: "Bandika getini, usawa wa macho. Piga picha, namba ya kiwanja ionekane. Saini hati. Basi." Namba za viwanja zimeandikwa kwenye mageti ya mbele, kwa hiyo matangazo yote yakawa ya mageti ya mbele. Nani angeuliza? Wakubwa walitaka picha yenye namba, naye picha aliwapa.

Jambo la pili alijifundisha mwenyewe, nalo ni kutosoma. Si kwamba hajui kusoma, anajua vizuri sana. Ila mwaka wake wa kwanza alisoma tangazo la kubomoa nyumba, na baadaye akawaona wenye nyumba wamekaa barabarani juu ya magodoro, na wiki nzima chakula hakikumpita kooni. Akaapa. "Mimi nabandika," alikuwa akiwaambia wenzake ofisini, tena kwa kujigamba. "Kusoma ni kazi ya wenye shida." Wenzake walicheka. Hata mimi ningekuwepo ningecheka, nisidanganye.

Sasa, Mama Gundi alikuwa na mama mdogo wake, mdogo wa mama yake wa kumzaa, aliyemchukua akiwa na miaka sita baada ya msiba na kumlea kama wake. Watu walimwita Bi Pasi kwa sababu ya kazi yake, kunyoosha nguo za mtaa wa juu, mtaa wa nyumba kubwa kubwa. Aliishi humo humo, chumba cha uani katika kiwanja namba kumi na saba, mwaka wa thelathini na moja sasa. Chumba kimoja cha tofali, bati juu, dirisha moja la mbao, meza ya kunyooshea yenye blanketi lililoungua pembeni. Mume aliondoka zamani. "Chumba kilikuwa kidogo," Bi Pasi alikuwa akisema, "hakikutosha mimi, yeye, na uongo wake."

Wa vyumba vya uani hawapiti geti la mbele. Hakuna aliyeiandika kanuni hiyo popote, lakini jaribu uone. Wao njia yao ni uchochoro wa nyuma, wenye maji machafu na mbwa wasiojua mtu. Hata Mama Gundi, akienda kumwamkia Jumapili, alipita huko huko, gauni amelikunja mkononi.

Na kwenye ramani ya jiji chumba kile hakikuwepo kabisa. Mtaa wa juu ulipangwa tangu zamani kuwa kiwanja kimoja, nyumba moja, familia moja. Bi Pasi na wenzake, vyumba zaidi ya arobaini katika mtaa ule, walikuwa wanaishi mahali ambapo kwa karatasi pana maua. Mwenye nyumba akiamka vibaya, anakuambia utoke, nawe huna pa kulalamika.

Ndipo redio ikatangaza kwamba kanuni zinabadilishwa. Mtaa wa juu sasa utaruhusiwa nyumba ya pili na ya tatu katika kiwanja kimoja, ghorofa pia, ili watu wa hali zote wapate pa kukaa karibu na kazi zao. Na aliyeishi chumba cha uani zaidi ya miaka kumi hatafukuzwa, atatambuliwa, na jengo jipya likisimama atapewa nafasi yake humo. Anachotakiwa ni kujiandikisha tu. Tarehe itatangazwa.

Lo, furaha iliyokuwa uchochoroni siku ile! Bi Pasi alitafuta picha zake za zamani, risiti za umeme, na barua ya marehemu mama mwenye nyumba, akavitia vyote kwenye bahasha na kuiweka chini ya godoro.

"Mama mdogo, usihangaike," Mama Gundi alimwambia Jumapili ile. "Tangazo likitoka utaliona. Si kazi yangu hiyo?"

"Hewaa! Nina mtu wangu serikalini," Bi Pasi akajibu, wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Mwezi ule idara ilitoa matangazo mengi kuliko mwaka mzima uliopita. Mama Gundi alikabidhiwa mafungu manne. Alibandika mitaa mitano kwa siku, mkono ukavimba. Mtaa wa juu aliumaliza Jumatano moja kabla ya saa sita, mageti ishirini na moja. Namba kumi na saba nayo aliibandika, usawa wa macho, akapiga picha, akasaini hati. Alifikiria kuzunguka nyuma akamsalimie mama mdogo, lakini ndoo ilikuwa nzito na mitaa miwili ilimsubiri. Akasema nitamwona Jumapili.

Na Jumapili alimwona. Na Jumapili iliyofuata. Walizungumza habari za magoti, za bei ya mkaa, za jirani aliyeoza jino. Bi Pasi akauliza, "Vipi, bado tu hilo tangazo letu?" Naye akajibu, kwa moyo mweupe kabisa, "Serikali haina haraka, mama mdogo. Vuta subira."

Tangazo lilikuwa upande wa pili wa nyumba ile ile, hatua arobaini kutoka walipoketi. Wenye mageti walilisoma siku ya kwanza. Walisoma, wakaelewa, wakafunga midomo.

Siku ya thelathini na sita mwenye kiwanja, daktari wa meno aliyekirithi kwa mama yake, aliingia uani na mafundi wawili wenye vigingi na futi ya kupimia. Kigingi cha kwanza walikipiga karibu na meza ya kunyooshea.

"Mwanangu, mnapima nini?" Bi Pasi akauliza. Daktari yule alimjua tangu amevaa kaptula za shule, na kaptula zenyewe ni yeye aliyezinyoosha.

"Tunajenga, bibi. Ghorofa tatu. Kanuni mpya zimeruhusu."

"Alhamdulillahi. Na chumba changu kitakuwa upande gani?"

Daktari akatazama chini. "Hukujiandikisha, bibi. Siku zimepita."

Bi Pasi alikwenda idarani kwa miguu, bahasha kifuani. Karani alikuwa mpole, akafungua faili na kumgeuzia apate kuona. Picha ya geti, namba kumi na saba, tangazo limenyooka halina hata kikunjo. Chini yake hati ya kubandika, na saini. Bi Pasi aliijua saini ile. Yeye ndiye aliyemshika mwenye nayo mkono, kwenye meza ya kunyooshea, akimfundisha kuandika jina.

Hakupiga kelele. Alimngoja Mama Gundi nje ya geti la idara mpaka alipotoka na ndoo yake.

"Shikamoo mama mdogo! Kulikoni huku?"

"Marahaba. Mwanangu, ulipita kwangu lini?"

Alipoelezwa, Mama Gundi alikaa chini pale pale kwenye ukingo wa barabara, gundi ikamwagika miguuni. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule wa magodoro, alichomoa tangazo moja lililobaki kwenye fungu akalisoma, mstari kwa mstari, mpaka mwisho. Aliona aibu ambayo siwezi kuieleza. Uchochoroni habari ilifika kabla ya jua kuzama, na watu wana midomo. "Kikulacho ki nguoni mwako," mmoja akasema kwa sauti, ili asikike.

Lakini mnyonge naye ana siku yake moja. Watu wa vyumba vya uani walikata rufaa, na kamati ya mipango miji ikakubali kuwasikiliza. Swali lilikuwa moja tu: je, tangazo liliwafikia? Kama halikuwafikia, siku thelathini zinaanza upya, na Bi Pasi na wenzake arobaini wamepona.

Msimamizi wake wa sasa alimwita Mama Gundi kando. "Ukiulizwa, sema ulibandika. Umebakiza miezi mitano ustaafu. Usijitie kitanzi."

Alijitia. Alisimama mbele ya kamati, akasema kila kitu. Kwamba wa uani hawapiti mbele. Kwamba yeye mwenyewe anajua hawapiti mbele, kwa sababu naye hapiti. Kwamba alibandika mahali ambapo wenyewe wasingeliona tangazo hata kwa miaka mia. "Kosa ni langu," akasema. "Wao msiwaonee."

Ukumbi ukapiga makofi. Bi Pasi, mstari wa nyuma, alijifuta macho kwa upindo wa khanga.

Wakili wa wenye viwanja akasimama polepole. Hakuwa mkali hata kidogo. "Mama, kwa miaka ishirini na tatu, umekuwa ukibandika wapi?"

"Getini."

"Mageti ya mbele? Jiji zima?"

"Jiji zima."

"Sina swali jingine."

Wajumbe wakatazamana. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hata mimi nisiye na shule ya sheria nimeelewa. Wakikubali kwamba tangazo la geti la mbele si tangazo, basi kila soko lililohamishwa, kila barabara iliyopita juu ya vyumba vya watu, kila ghorofa la jiji lile kwa miaka ishirini na tatu, vyote vimejengwa kinyume cha sheria. Hakuna kamati duniani yenye kifua hicho. Walitoka nje, wakarudi kabla chai yao haijapoa.

"Kamati imeridhika kwamba tangazo lilibandikwa mahali pa wazi," mwenyekiti akasoma. "Mwenye macho haambiwi tazama."

Nje, Bi Pasi alimshika mpwa wake mkono.

"Hao wengine wa miaka yote hiyo," akauliza, "nao walikuwa hawapiti mbele?"

"Hawakuwa wanapita, mama mdogo."

"Wangapi?"

Mama Gundi akaanza kuhesabu mitaa kwa vidole, vidole vikaisha. Bi Pasi akamwachia mkono, akatembea mbele yake kidogo mpaka kituoni.

Chumba kilibomolewa asubuhi moja, saa nne haijafika. Mama Gundi, aliyesimamishwa kazi kwa uzembe, alimchukua Bi Pasi kwake, chumba kimoja na sebule. Alimpa kitanda, yeye akalala chini. Siku ya kwanza mchana kulikuwa na joto kali. Bi Pasi aliketi pembeni ya kitanda, mikono mapajani, jasho likimtoka, akaangalia dirisha.

"Naweza kufungua dirisha?" akauliza.

"Jamani, mama mdogo! Unaniomba ruhusa mimi? Hapa ni kwako."

"Hata kule waliniambia hivyo hivyo," Bi Pasi akasema, akabaki ameketi, akingoja aambiwe afungue.