Mpaini Uliotuangukia Katikati

Hilo lilikuwa jaribio langu la nne la kuomba kazi ya ualimu. Shule ilikuwa Makambako, nyuma ya maghala ya mahindi. Nilitoka Njombe alfajiri na bahasha ya vyeti ndani ya koti. Mkuu wa shule, mama mwenye shali nzito, aliniambia nifundishe kipindi kimoja cha fizikia, kidato cha tatu, yeye akiwa amekaa nyuma. Nikimridhisha, kazi ni yangu.

Niliandika ubaoni kwa Kiingereza, kama kitabu kinavyotaka: skala ina ukubwa tu, vekta ina ukubwa na mwelekeo. Wakanakili. Maana hiyo sikuwahi kuiamini, lakini nilishachoka kubishana na vitabu.

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, mkondo wa umeme una mwelekeo. Tunauchorea hadi mshale. Mbona ni skala?"

"Ameanza huyu," jirani yake akaguna. "Leo hatutoki."

Mkuu alikuwa akiandika. Nikaacha Kiingereza, nikawasimulia mpaini wa nyumbani. Baba zangu wadogo wawili walifunga kamba mbili ili kuuangusha. Mmoja alivuta kuelekea barabarani, mwingine kuelekea shambani, kila mmoja akiamini nguvu zake zinatosha. Mti haukumfuata yeyote. Ulipita katikati yao, ukalala juu ya banda.

"Banda la nini, mwalimu?"

"La kuku. Tulikula nyama wiki nzima."

Walipomaliza kucheka nikawaambia: kani, ile nguvu ya kuvuta, ni vekta kwa sababu ukijumlisha mbili, pembe kati ya kamba inabadilisha jibu. Umeme ni kama mifereji miwili ya bustani. Ikutane kwa pembe yoyote ile, maji ya huu yanaongezeka kwenye maji ya ule, basi. Mshale peke yake hautoshi.

"Kwa hiyo kitabu hakijamaliza," alisema msichana.

"Hakijamaliza."

Kengele ikalia sijagusa mazoezi.

Ofisini mkuu alivua miwani. "Wamekuelewa, nimeona. Lakini mtihani hautauliza kuku, mwanangu. Na Kiswahili darasani, hapana. Nikikuajiri utamaliza mada kwa wakati, na maswali ya yule binti utaachana nayo?"

Akilini nilimwona mama yangu akiniuliza "Vipi?" kabla sijavua viatu, kama mara tatu zilizopita.

"Nitaachana nayo, mkuu."

Akanipa ratiba. Ningeanza Jumatatu.

Nje, msichana alikuwa akinisubiri na daftari. Alitaka kujua kuhusu presha ya upepo ndani ya tairi la lori, ile inayosukuma kila upande: ni vekta au skala?

Nilimwambia nitachelewa basi. Ilikuwa saa tano asubuhi, na mabasi ya Njombe yanaondoka mchana kutwa.