Uji wa Kivukoni

Uji wa ulezi ukishika chini ya sufuria, harufu yake hunirudisha Tarime, hata nikiwa jikoni kwangu. Ninakuwa tena na miaka saba, mkoba mgongoni, mbele yangu barabara ya malori ya mawe.

Tulikuwa wageni, mimi na mama, tumetoka Shinyanga kufuata dhahabu ambayo watu walisema inaokotwa. Mama aliokota kibarua kwenye karasha, mashine za kusaga mawe. Mtaa mzima ulinguruma kutwa, na lori ulilisikia likiwa limeshafika. Kwa hiyo mama alinionya: nisivuke mpaka mtu mzima anishike mkono. Basi siku ya kwanza ya shule nilisimama pale hadi saa nne. Watoto wenzangu walinipita wakiongea Kikurya chao, na hakukuwa na mtu aliyenijua. Sijawahi tena kuwa mpweke kiasi kile. Vumbi jeupe lilinijaa mdomoni.

Aliyeniona ni Mama Chacha, muuza uji wa getini kwenye karasha.

"We mtoto, wamekuajiri kulinda barabara?"

"Shikamoo. Nasubiri mkono."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga, kisha akanivusha.

Kesho yake nilimkuta amehamishia meko yake pale pale kivukoni. Siku ya tatu akanibebesha ndoo ya vikombe. Mgeni siku mbili, alisema, ya tatu mpe jembe. Mkono wake ulikuwa mkavu, unanuka moshi, nami niliupenda kuliko shule yenyewe. Biashara tu ndiyo niliyoona haijui. Wateja wake walibaki kule getini, na huku malori yalimtilia vumbi kwenye uji.

Halafu yakaja matuta. Akina mama wa mtaa walijaza viroba kwa marudio, ule mchanga unaobaki dhahabu ikishatolewa, wakavipanga kukatiza barabara. Madereva walitukana wiki nzima, mwisho wakazoea. Jumatatu iliyofuata nilikuta majivu tu kivukoni. Lori lilisimama kabisa, dereva akanipungia nipite. Nilivuka nikilia.

Getini, Mama Chacha alikuwa amezungukwa na wateja. Akainua upawa.

"Umevuka mwenyewe! Haya, kimbia, kengele hiyo."

Nilimpita bila kumwamkia. Nikafanya hivyo kila asubuhi, mpaka tulipohama.

Nilikuwa mtu mzima tayari, tunamenya ndizi, mama aliponiambia kwamba siku zile zote yule mwanamke alirudi nyumbani na nusu ya uji wake. Na kwamba ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuomba viroba. "Alisema huwezi kusubiri mkono maisha yako yote."

Mwaka jana nilirudi. Matuta yapo, siku hizi ni ya zege, na watoto wanavuka wenyewe wakisukumana. Mama Chacha wamekwisha kumzika. Nilisimama kivukoni muda mrefu, na ile shikamoo niliyomnyima bado iko mdomoni mwangu.