Posa ya Chuo cha Barking

Katika ukoo wetu, posa ya binti hujibiwa na upande wa baba. Kwa hiyo wifi yangu Mwanaisha aliponipigia simu kutoka London kuniambia kwamba kuna chuo kinamtaka mwanawe Zuhura akakichezee mpira wa kikapu, sikushangaa aliponiita. Kaka yangu alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka uliopita, na mkubwa aliyebaki ni mimi. "Mtoto ni wenu," wifi alisema. "Siwezi kumjibia peke yangu." Nikafungasha halua, nikaondoka Unguja.

Jumatano jioni nilifika Thamesmead, mtaa wao wa London, na mshtuko wa kwanza ulinipata mlangoni. Zuhura, niliyemwona mara ya mwisho akinifika begani, aliinama kunibusu mkono, na alipoinuka ikanibidi nikunje shingo kumtazama. Baada ya shikamoo kila nilichomwambia alikielewa, ila majibu yalikuja kwa Kiingereza. Wifi alinieleza kwamba vyuo viwili vikubwa vilikuja kumtazama akicheza, vikaondoka kimya. Hiki kidogo cha Barking kilimwandikia chenyewe: atasomea tiba ya viungo na atakuwa kwenye timu. Mtoto alikuwa hali wala halali kwa ajili ya chuo hicho.

Alhamisi asubuhi wifi alikuwa kazini, anakotunza wazee, tukaenda wawili. Barking iko ng'ambo ya mto tu, nikadhani tutavuka daraja. Hakuna daraja. Tulipanda basi hadi Woolwich, tukakuta feri haifanyi kazi, Zuhura akaniongoza kwenye ngazi za mviringo zinazoshuka chini, chini kabisa, mpaka kwenye njia nyembamba yenye vigae vyeupe. Nikamuuliza mto uko wapi. Akanyoosha kidole juu. Nilisoma kila sura ninayoijua hadi tulipotokea upande wa pili, tukapanda basi la Barking.

Kocha alikuwa mama mrefu mwenye mvi na viatu vya raba. Alitupokea vizuri, kisha akatoa futi kama ya fundi cherehani, akampima Zuhura mikono kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Macho yakanitoka. Kwetu binti akipimwa hivyo, nguo ya harusi inashonwa. Alipomaliza akasema nafasi iliyobaki ni moja na anamtaka Zuhura, kisha akanigeukia mimi.

Nilimjibu kama nilivyowajibia mabinti sita kabla ya huyu: tumesikia, tumefurahi, tupeni muda tushauriane, tutaleta jibu. Binti anayetolewa siku ile ile huonekana amewachosha kwao. Zuhura alitafsiri. Kocha akasema maneno mengi ya haraka, akatazama saa ya ukutani. Nilipouliza amesemaje, Zuhura aliniambia amesema sawa.

Kuanzia Ijumaa hadi Jumapili simu haikupoa. Jamaa wa Unguja wakauliza habari za mavazi, wa Pemba wakauliza atasali wapi. Zuhura alituletea chai, akakaa pembeni akisikiliza, hasemi kitu. Nikamsifu mbele ya mama yake, nikasema huyu kweli ni mtoto wa kaka yangu. Jumapili baada ya sala ya laasiri tukakubaliana sote.

Jumatatu tulishuka tena chini ya mto, halua nimeikumbatia. Katikati ya njia Zuhura akasimama.

"Shangazi, nafasi imekwenda," alisema, kwa Kiswahili. "Tangu Ijumaa."

Akanieleza, huku akifuta machozi kwa mkono wa koti, kwamba kocha alitaka jibu Alhamisi ile ile kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa sababu wengine walikuwa wanangoja, na Ijumaa akamwandikia kwamba amempa mwingine. Nilimuuliza mbona hakuniambia.

"Umetoka mbali kuja kunijibia. Ningekuharakishaje?"

Nilitaka kumgombeza, nikaona mwenye kosa ni mimi. Kimya kile nilichokisifu siku tatu nzima kilikuwa kinammaliza mtoto, nami nikinywa chai yake. Alitaka turudi nyumbani. Nikamwambia haturudi.

Mbele ya kocha sikumtafutia mtoto kazi ya kutafsiri. Nilitumia Kiingereza changu cha skuli, nikasema kosa ni langu, ndiyo yetu ni hii na imechelewa. Nikaiweka halua mezani. Hapo ndipo nilipotambua ninachofanya: upande wa binti umekwenda kuposa. Masikio yaliniwaka kwa aibu. Kocha akasema ameshatoa neno lake kwa msichana mwingine na halirudishi, ila Zuhura anaweza kuja mazoezini kila Jumamosi bila ahadi yoyote. Kisha akaonja halua, akakata na kipande cha pili.

Nilirudi Unguja na moyo mzito. Nilijifunza kwamba si kila anayebisha hodi hungoja mlangoni, na somo hilo nililipata kwa kumgharimu mtoto wa watu.

Miezi miwili baadaye nilikuwa jikoni, nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, simu ikalia. Zuhura akaniambia yule msichana amehamia chuo kingine na kocha amemwita. Nikamkatisha, nikaanza kusema ndiyo, mwambie ndiyo sasa hivi.

"N'shamjibu, Shangazi," akasema. "Nimekupigia ujue tu."

Nikaiweka simu chini, nusu ya nazi bado mkononi. Halafu nikapiga kigelegele, peke yangu, mpaka jirani akachungulia dirishani kuuliza nani kaposwa. Nikamwambia Zuhura wa London. Akauliza nani kamjibia.

"Kajijibia mwenyewe," nikasema, nikaendelea kukuna nazi.